Kijiko Kisicho na Mota

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa tela la trekta uliolazwa juu ya matofali, kando ya duka la vipuri vya baiskeli karibu na stendi ya Bariadi, na ukubwa wa mtu ulijulikana kwa mahali anapokalia. Ncha ya kulia, kwenye kivuli na karibu na jiko la kahawa la Mhoja, ilikuwa ya Luhaga. Mji mzima ulimwita Kijiko, kwa sababu miaka kumi na saba alipakia moramu, udongo wa barabara, kwenye malori ya idara ya ujenzi kwa mtambo wa jina hilo, mpaka serikali ilipopunguza watu na yeye akapungua pamoja nao. Baada yake alikaa Zengo, fundi baiskeli, maarufu Taarifa ya Habari, maana redio yake haikuzimwa na yeye mwenyewe hakuzimika. Kisha Onesmo Katekista, mtu wa methali; alizijua zote, tatizo hakujua zinakotumika. Ncha ya kushoto, juani, alikaa Marcelo, ambaye tangu pamba iachiwe kila mwenye mizani ainunue aliitwa Soko Huria. Alhamisi hiyo Marcelo alikuja na boksi la karatasi ngumu, akaliweka juu ya kigoda cha kahawa, akatoa mtambo.

Ulikuwa kijiko cha kupakia mchanga, cha manjano, kirefu kama mkono wa mtu mpaka kwenye kiwiko. Kilijengwa kwa vipande vya plastiki zaidi ya mia nane, vya kuchezea watoto wa Ulaya, vilivyoshikana vyenyewe bila gundi wala msumari. Magurudumu manne ya mpira, mkono wa mbele, na ndoo yenye meno. Hata Mhoja alisahau birika jikoni.

Zengo: Hiki ndicho kilichokuja na yale maboksi ya Sista Felisita wa misheni?

Marcelo: Ndicho. Maboksi saba yalishuka Malampaka kwa treni, yote ya kituo cha ufundi. Hili moja alinipa niliunge tuone likoje.

Zengo: Umeliunga mwenyewe?

Marcelo: Jioni nne. Ndani kuna kitabu cha picha, hakina neno hata moja. Nilifuata picha tu.

Zengo: Basi wewe si Soko Huria tena. Wewe ni Injinia.

Neno hilo lilimwingia Luhaga kama mwiba wa mgunga kwenye kandambili. Injinia. Yeye aliyeendesha kijiko chenyewe, cha chuma, chenye kula dizeli pipa zima, hakuwahi kuitwa injinia na mtu yeyote. Tena kuna jambo lililomuuma zaidi, na kila mtu benchini alilijua: kituo cha ufundi cha misheni kilikuwa kinatafuta mwalimu wa mitambo, na Luhaga alikuwa amepeleka barua ya kuomba kazi hiyo. Mwezi wa pili ulikuwa unakwisha na hajajibiwa. Sasa Marcelo, mwenyekiti wa parokia, mtu wa mizani na magunia, ndiye anayepewa boksi na Sista aende nalo nyumbani. Luhaga hakuhitaji kuelezwa. Kazi ilikuwa imeshapata mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekuja kuwaringia.

Luhaga: Injinia wa kitabu cha picha.

Marcelo: Ndiyo maana nimekuletea wewe, bhabha. Kuna jambo Sista amenituma...

Luhaga: Ngoja kwanza. Mtambo haujadiliwi kabla haujakaguliwa.

Akaweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye suruali, akakivuta kijiko mbele yake. Alianza na magurudumu, kama alivyofundishwa yadini. Aliyabonyeza moja moja. Yalikuwa mpira wa kweli, yenye kashata za kweli za kung'ata udongo.

Luhaga: Matairi mepesi. Haya kwa udongo wetu mweusi wa masika hayafiki hata Mwandoya.

Onesmo: Mwenda pole hajikwai. Ndiyo maana hawakuweka mota.

Zengo: Hakina mota?

Marcelo: Nafasi ipo, hapa nyuma, mnaona hili tundu. Picha ya mwisho inaonyesha mota ikiingia. Ila mota inauzwa peke yake, haikuja. Kwa sasa unazungusha kwa kidole.

Luhaga akacheka, kicheko kirefu kuliko kilichostahili.

Luhaga: Gari lisilo na injini lina jina lake kwa Kiswahili. Linaitwa mkokoteni.

Zengo: Tusiende haraka. Mimi naona siasa hapa. Hawa wazungu wametuletea sampuli. Ukikubali sampuli, umekubali mzigo. Kesho wanakuja na kijiko chenyewe kikiwa vipande mia nane, wanauza kipande kimoja kimoja, kila mwananchi na kipande chake. Huo ndio ubinafsishaji. Barabara ikiharibika, mtafutane wenye vipande.

Mhoja: Na mimi nitapewa kipande gani?

Zengo: Wewe? Boliti ya tairi la nyuma. Tena la kushoto.

Onesmo: Asiye na mwana aeleke jiwe.

Mhoja: Hiyo inaingiaje hapo, Katekista?

Onesmo: Inaingia. Itafakari.

Wakati wao wakitafakari, Luhaga alikuwa amefika kiunoni mwa kijiko. Mtambo ule haukukata kona kwa magurudumu ya mbele kama gari. Ulijikunja katikati, na vijiko vya kweli ndivyo vinavyofanya hivyo. Aliukunja kulia, akaukunja kushoto. Vidole vyake vilipata kumbukumbu ambayo yeye hakuiomba: usukani wenye kitasa, kiti kinachotetema, harufu ya moramu mbichi asubuhi. Aliyeunda kitu hiki alikijua kijiko. Luhaga alitaka kusema hivyo, na kama benchi lingekuwa tupu angesema.

Luhaga: Kiuno kimelegea.

Marcelo: Kimelegea? Mbona mimi naona...

Luhaga: Wewe unaona pamba, bwana. Pamba ikilegea unaongeza maji kwenye gunia lizidi uzito. Mtambo ukilegea unaua mtu.

Onesmo: Samaki mkunje angali mbichi. Na hiki wamekikunja.

Kwa hilo la maji kwenye gunia watu wote walimtazama Marcelo. Alisogeza tu boksi akatafuta kitu ndani.

Zengo: Lakini hili tundu la mota linanisumbua. Kwa nini mtu atengeneze tundu asiweke kitu? Kuna kitu kitakuja kuingia. Nawaambia, mota ikiingia humo, hiki kinafanya kazi chenyewe. Hakina dereva, hakiombi likizo, hakidai posho. Ndiyo maana walianza kupunguza watu mapema.

Luhaga akalitazama lile tundu. Hili hakulipenda.

Mhoja: Au ni tundu la kupumulia.

Zengo: Ni la kusikilizia. Wataweka chombo humo. Hapa tunavyozungumza bei tutakayokubali ya pamba msimu ujao, huko Ulaya wanaandika.

Onesmo akakifunika kijiko kwa kofia yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba bei haipungui mia mbili. Kisha akaiondoa kofia, maana jua lilikuwa kali na kichwa chake kilikuwa na upara.

Ikabaki ndoo. Luhaga aliiacha mwisho makusudi, kwa kuwa ndoo ndiyo mtihani. Kijiko kibaya, ukikiinua, ndoo yake huinama kadiri inavyopanda, na mzigo unamwagika kabla haujafika kwenye lori. Kizuri huiweka ndoo sawa toka chini mpaka juu. Aliomba kijiko cha sukari, akajaza sukari kwenye ndoo, Mhoja akilalamika. Halafu akazungusha kigurudumu cha pembeni kwa kidole kimoja. Ndani ya plastiki gia zilishikana, mkono ukapanda polepole, na ndoo ikapanda nao imelala sawa. Haikumwaga hata chembe.

Zengo: Duh.

Mhoja: Haikumwagika.

Zengo: Injinia wetu huyu si mchezo.

Marcelo akatabasamu, akatazama chini kwa haya. Luhaga aliona wivu, akasogeza kikombe cha kahawa mbali. Kama wangesema kijiko ni kizuri, angevumilia. Lakini walisema Injinia, na walimtazama Marcelo, na ile ndoo iliyopanda sawa ilikuwa ni yeye Luhaga, miaka kumi na saba, asubuhi mpaka jioni, hakuna aliyewahi kukaa akaitazama akasema duh.

Luhaga: Sukari ni nyepesi. Tia kokoto uone.

Onesmo: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hiki hakitembei. Basi ni chema.

Luhaga: Katekista, nyamaza.

Marcelo: Bhabha Luhaga, nisikilize kidogo. Kuna karatasi hapa ya Sista. Anataka fundi akikague, aandike maoni yake. Neno la fundi ndilo la mwisho, amesema. Isome kwanza, halafu...

Luhaga: Lete.

Ilikuwa karatasi moja, imepigwa chapa juu mpaka katikati, na chini ina mstari wa maoni ya fundi, mstari wa sababu na mahali pa sahihi. Luhaga aliitambua kabla hajaishika. Yadini karatasi zilikuwa hivyo hivyo.

Marcelo: Anza kusoma hapa juu.

Luhaga: Juu ni kwa karani. Miaka kumi na saba sijasoma juu, na hakuna mtambo ulioharibika kwa hilo. Fundi ni wa chini. Katekista, kalamu.

Onesmo akachomoa kalamu mfukoni mwa shati. Idarani, kijiko kilichoandikwa HAKIFAI kilisukumwa nyuma ya yadi, na nyasi zikaota mpaka kwenye kiti cha dereva. Luhaga aliviona vingi vikiishia huko, vingine vikiwa vizima, kwa sababu tu mkubwa fulani alitaka kipya. Wakati ule aliwalaani wakubwa hao. Sasa aliweka karatasi juu ya goti, akaandika kwa herufi kubwa, kwa wino, polepole ili Marcelo aone kila herufi: HAKIFAI. Akatia sahihi yake ndefu yenye mkia. Mstari wa sababu akauruka. Sababu nazo zilikuwa za karani.

Marcelo alirudisha kitabu cha picha ndani ya boksi.

Zengo: Umekitupa?

Luhaga: Nimesema ukweli wa fundi. Sista atafute cha kufundishia, na huyo wa kukifundishia atafute wengine wa kuwadanganya.

Kahawa yake ilikuwa imepoa, lakini aliinywa kwa raha. Hiyo ilikuwa raha ya kwanza tangu Alhamisi hiyo ianze.

Ndipo alipofika Elina, msichana wa ofisini pale kituo cha ufundi, akiwa na baiskeli na faili kwenye kikapu cha mbele. Hakuwahi kufika kijiweni hapo. Aliegesha baiskeli, akapiga goti kidogo kwa heshima, akasalimia kwa Kisukuma.

Elina: Mwadila, bhabha.

Wazee: Mwadila, mayu. Mhola?

Elina: Mhola duhu. Nimetumwa na Sista kuchukua karatasi. Gari la Mwandoya linaondoka saa kumi, na yeye anasubiri jibu la fundi. Kama kijiko hakifai, maboksi yote saba yanapanda gari hilo kwenda kwenye kituo cha kule, na darasa la mitambo hapa halitafunguliwa.

Luhaga mwenyewe ndiye aliyempa karatasi, kwa mkono ulionyooka. Elina akaisoma kama wasomavyo watu wa ofisini, toka juu, kwa sauti ya kujisomea mwenyewe, lakini kila mtu benchini alisikia. Kwamba Ndugu Luhaga ameteuliwa kuwa mwalimu wa mitambo. Kwamba ataanza Jumatatu. Kwamba atafundisha kwa vijiko saba vya kuunga, mpaka mota zitakapopatikana. Kwamba kabla ya yote, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye, akikague hiki kimoja na kusema kama kinafaa kufundishia. Na kwamba jina lake limependekezwa na mwenyekiti wa parokia, Ndugu Marcelo.

Zengo alizima redio. Hakuna aliyewahi kumwona akiizima.

Marcelo: Nilikwambia usome juu.

Alisema bila ukali, na kwa Luhaga hilo lilikuwa baya kuliko ukali. Luhaga alitafuta uso wa mtu mwingine wa kuutazama, akakosa.

Elina alifika chini, kwenye herufi kubwa. Akaangalia karatasi, akaangalia kijiko cha manjano juu ya kigoda, ndoo yake bado iko juu, bado imejaa sukari. Hakuwa na hila yoyote. Alikuwa anafanya kazi yake tu.

Elina: Bhabha, hapa umeandika hakifai. Lakini mstari wa sababu uko wazi, na Sista hatapokea karatasi yenye mstari wazi. Kina ubaya gani?

Onesmo alitafuta methali, akaikosa. Zengo, mwenye jibu la tundu na la bei ya pamba na la Ulaya nzima, aliinama akaanza kukaza njiti za gurudumu lililokwisha kukazwa. Mhoja alisogeza birika, akagundua halina kitu.

Elina: Neno moja tu linatosha, bhabha. Niandike nini?

Akamnyoshea kalamu. Luhaga aliipokea, akaitazama nafasi iliyoachwa, fupi kama kidole. Sababu ya kweli aliijua. Ilikuwa wivu, na pale kwenye mstari ingeenea vizuri kabisa. Wote walimsubiri aandike, na yeye alikaa na kalamu mkononi mpaka gari la Mwandoya lilipopiga honi ya kuondoka pale stendi, na mstari ulikuwa bado wazi.