Bi Siki na Jezi Zilizonukia Waridi

Jumamosi hii, tarehe 30 Juni, dobi wetu mkuu atavua aproni yake ya mpira, ataitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia, na kuondoka baada ya kuitumikia klabu hii kwa miaka thelathini na moja. Msumari ule aliupigilia mwenyewe katika wiki yake ya kwanza kazini, kwa kisigino cha kiatu, maana fundi alikuwa amemzungusha siku nne. Anayetaka kumjua kwa haraka aanzie hapo.

Jina lake kamili liko kwenye faili na Katibu atalisoma jukwaani. Sisi wengine, kuanzia mwenyekiti hadi mlinzi wa geti, tunamwita Bi Siki. Alilipata jina hilo mwaka wake wa kwanza, wahasibu wa ghorofa ya juu walipolalamika kwamba kila Jumatatu ofisi yao inanuka siki. Walidhani kuna mtu anaficha chakula kwenye droo. Kumbe ni yeye huko chini, ameloweka jezi na soksi za timu nzima kwenye mabeseni: maji baridi, kikombe cha siki nyeupe kwa kila beseni, nusu saa kabla ya sabuni. Walimtaka aache. Akawapelekea jezi mbili, moja iliyolowekwa na moja ambayo haikulowekwa, akawaomba wachague ipi ikae mezani kwao hadi mchana. Malalamiko yaliishia hapo.

Alipoajiriwa, timu ilikuwa ndiyo kwanza imeacha jezi za pamba na kuanza kuvaa hizi za plastiki, nyepesi, zinazokauka upesi. Kila mtu alizifurahia isipokuwa mfuaji. Pamba, anasema Bi Siki, ukiifua mmemalizana. Kitambaa cha plastiki kina kinyongo. Jasho linapita, lakini mafuta ya mwili yanang'ang'ania kwenye nyuzi, na uvundo unajificha humo humo, hata baada ya kufuliwa na kukunjwa vizuri.

Kocha mmoja wa zamani, mtu wa amri nyingi, aliwahi kushuka chini kumfundisha kazi. Alitaka sabuni iongezwe mara mbili ili harufu iishe. Bi Siki hakubishana naye. Alichukua jezi ambayo kocha alikuwa amefuliwa nyumbani, safi kabisa, imenyooshwa, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji matupu na kuisukasuka. Povu likapanda hadi ukingoni. Akamwambia kwa upole kwamba povu lote hilo alikuwa analivaa. Tangu siku hiyo kocha yule akawa anamletea nguo zake za mazoezi kimyakimya, kupitia mlango wa uani.

Sheria zake kila mchezaji anazijua, hata wanaojifanya hawazijui. Jezi ikivuliwa inageuzwa ndani nje, kwa sababu uchafu uko upande wa mwili. Haifungiwi kwenye begi ikiwa mbichi. Haichanganywi na taulo, itajaa manyoya. Maji ya moto hapana, pasi hapana, jua la utosini hapana. Inaanikwa kivulini, penye upepo. Na dawa ya kulainisha nguo, ile ya kunukia, haivuki kizingiti. Hiyo ya mwisho aliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya boksi la sabuni, akaibandika ukutani juu ya mashine. Naomba msomaji aikumbuke karatasi hiyo, nitairudia.

Aliyewahi kuvunja sheria hizo hakusahau. Mshambuliaji wetu mmoja alileta jezi iliyokaa siku tatu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Bi Siki hakuigusa. Alimwambia aufungue mwenyewe, pale pale kwenye korido, mbele ya wenzake. Loo! Timu nzima ilitoka nje bila kuagizwa. Mshambuliaji alifunga mabao mengi baada ya hapo, lakini fundo hakufunga tena.

Ni yeye pia aliyegundua kwa nini golikipa wetu alikuwa anatoka vipele kwapani msimu mzima, madaktari wakimbadilishia marhamu kila wiki. Ilikuwa sabuni iliyobaki kwenye kitambaa. Bi Siki aliisuuza jezi yake mara tatu zaidi, vipele vikaisha, na golikipa akamletea kiti cha kukalia, kile cha kijani ambacho bado yuko nacho.

Lakini kama kuna jambo moja ambalo nitamkumbukia, ni kuziamsha jezi. Jezi ikishakauka, kila mtu huinusa na kuridhika. Bi Siki haridhiki. Analikunja kwapa la jezi kwenye viganja vyake, analipumulia pumzi ndefu ya joto, anasubiri kidogo, ndipo ananusa. Anasema harufu ya plastiki ikiwa baridi imelala. Mchezaji akipata joto, inaamka. Heri aiamshe yeye huku kuliko iamke uwanjani. Jezi ishirini na mbili, makwapa arobaini na manne, kila wiki, miaka thelathini na moja. Wageni wakimkuta akifanya hivyo hudhani anasali.

Katibu aliniagiza ukurasa mmoja, wenye kuchangamsha, umalizikie kwenye mafanikio. Nilikuwa naenda vizuri mpaka Jumatatu iliyopita, nilipofungua faili lake kutafuta tarehe ya kuajiriwa.

Jumamosi wanastaafu watu watatu: mtunza uwanja, dereva wa basi la timu, na Bi Siki. Wawili wa kwanza watapewa Cheti cha Utumishi wa Mfano, chenye fremu na muhuri. Bi Siki atapewa maua na chupa ya chai. Watu wataulizana kulikoni. Sababu ni kwamba kanuni zetu zinasema cheti hapewi mtumishi mwenye barua ya onyo, na faili lake lina barua moja, ya miaka kumi na tisa iliyopita, kwa kosa la uzembe ulioidhalilisha klabu mbele ya wageni.

Uzembe huo haukuwa wake. Ulikuwa wangu mimi, mtunza vifaa, ninayeandika wasifu huu.

Nilikuwa na wiki sita kazini, bado niko kwenye majaribio. Nyumbani mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza. Bi Siki alifiwa na shangazi yake, akaenda mazikoni siku tatu, akaniachia mashine na karatasi ile ya ukutani. Mechi ilikuwa Jumamosi, na klabu ilikuwa na wageni wakubwa. Nikataka kuonekana. Nikanunua chupa ya dawa ya kulainisha, ya waridi, nikaimimina yote. Nikaweka maji ya moto ili mambo yaende haraka. Nikazikausha karibu na bomba la moto. Nikazinusa, baridi, moja moja. Zilinukia kama bustani.

Chumba cha kubadilishia nguo kilinisifu. Nahodha aliizika pua kwenye jezi yake akasema mpya huyu kamshinda mwalimu wake. Sitawaficha, nilivimba kichwa.

Dakika ya ishirini, jezi zilikuwa zimewaganda mwilini. Dawa ile huziba nyuzi kwa mafuta, jasho halina pa kutokea. Wachezaji walikuwa wanazivuta kutoka kifuani kama wanaovua ngozi. Namba ya mshambuliaji ilibanduka ikabaki inapepea mgongoni. Na ule uvundo wa msimu mzima, ambao sikuuamsha kwa sababu sikujua kuwa umelala, uliamka ukiwa umejipaka waridi. Wakati wa mapumziko, mgeni rasmi alishuka kuwapa wachezaji mkono, akaishia kwa mchezaji wa nne. Alitoa leso. Tulifungwa mawili bila. Hakuna awezaye kusema jezi ndizo zilizofungisha, lakini Jumatatu kamati ilikaa kumtafuta mkosaji.

Bi Siki alirudi asubuhi hiyo hiyo, macho bado yamevimba kwa msiba. Alinusa jezi moja tu, akaelewa kila kitu. Nilimwambia dada, naenda kusema. Akanivuta kwenye korido akaniambia: “Mimi nina miaka kumi na miwili hapa, wewe una wiki sita na mtoto wa siku tisa. Wakikufukuza, mtoto atanyonya hiyo dawa ya waridi?” Kisha akaingia kwenye kikao akasema mchanganyiko aliuacha yeye kwenye mashine kabla ya kuondoka, na kwamba mimi nilibonyeza kitufe tu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilinyamaza.

Barua ya onyo haikuwa adhabu kubwa. Adhabu kubwa ilikuwa safari. Wiki mbili baadaye timu ilikuwa inakwenda mashindanoni nje ya nchi, kwa ndege, na kwa mara ya kwanza dobi alikuwa kwenye orodha. Bi Siki alikuwa hajawahi kupanda ndege. Alikwishanunua sanduku la buluu lenye magurudumu, na kila mchana alilivuta koridoni ili tusikie jinsi linavyoteleza. Jina lake likafutwa. Likaandikwa langu, maana mtu wa kufua lazima awepo.

Na mimi, jamani, nikaenda. Sikuwa na sanduku. Alinipa lake. Alisema lisikae bure. Usiku wa kuamkia safari aliniandikia vikombe vingapi vya siki kwa maji kiasi gani, akanionyesha namna ya kupumulia kwapa. Nilifua vizuri safari ile yote, na sifa nikazichukua.

Niliporudi nilimsimulia kila mtu. Mlinzi, wahasibu, mtunza uwanja. Mawingu yalivyokuwa chini yetu, jinsi masikio yalivyoziba, mhudumu aliyenipa mto. Bi Siki alipotokea nilibadilisha mazungumzo, kwa aibu. Nililiacha sanduku lake nje ya mlango wa chumba cha kufulia, kibandiko cha ndege kikiwa bado kwenye mpini, kina jina langu. Hakulitumia tena. Lilikaa chini ya meza ya kukunjia na ndimo anamoweka soksi zilizopoteza wenzake. Nimelipita kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa.

Jumanne nilimpelekea Katibu barua yangu ya kukiri. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema kamati itakaa mwezi ujao. Nikamwambia mwezi ujao atakuwa ameshaondoka. Akasema kanuni ni kanuni. Kwa hiyo Jumamosi cheti hakitakuwepo, na hilo nalo ni kosa langu, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kuandika barua ya nusu ukurasa.

Alhamisi nilishuka chini. Nilimwambia mwezi wa nane timu inasafiri, nafasi yangu nimeiacha, aende yeye. Alicheka, akanyoosha miguu yake kwenye kiti cha kijani nione ilivyovimba. Kusimama kwenye saruji yenye maji miaka yote hiyo kumeimaliza, na daktari amemkataza kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu. Akasema, “Safari nayo ina umri wake, mdogo wangu.” Nikaanza kuomba radhi, nikalia mbele ya beseni la soksi. Hakuninyamazisha. Aliponiona nimetulia alinivutia ndoo nikaigeuza nikaikalia, akaniambia radhi alishanipa siku ile ile ya korido, ila kuna deni moja ambalo bado ananidai. Nimewasimulia wote safari ile isipokuwa yeye.

Basi nikamsimulia. Kuanzia ngazi za ndege. Yeye anageuza soksi, mimi nasimulia. Aliuliza mawingu yana unyevu au makavu. Aliuliza kule walikuwa wanaanika wapi. Aliuliza kama sanduku liliteleza vizuri kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, nikamwambia liliteleza kama maji, na akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ilikuwa hadithi ya saa moja. Miaka yote hii angeweza kuipata kwa saa moja.

Nilipoinuka alinikanya nisije nikaandika habari hizi kwenye wasifu. Alisema ni mambo ya zamani, yataniharibia sura mbele ya mtoto wangu, aandikiwe siki na povu inatosha.

Dada, hii ni mara ya pili napuuza maagizo yako. Mara ya kwanza yalikuwa ukutani kwa kalamu nyekundu na nikaona najua zaidi. Safari hii najua ninachofanya. Mtoto unayemlinda ana miaka kumi na tisa, nimemsomea ukurasa huu wote, na ni yeye atakayekubebea sanduku hadi nyumbani. Soksi nimezitoa. Kibandiko sijakigusa, kwa kuwa sanduku ni lako na uamuzi ni wako.

Asante kwa kila kwapa ulilolipumulia. Asante kwa korido ile. Miguu yako ipate kivuli na upepo, kama ulivyozitafutia jezi zetu. Atakayeuliza Jumamosi kwa nini dobi bora wa klabu hii ameondoka bila cheti, jibu liko hapa, na mwenye kosa anakaa safu ya tatu, karibu na mlango.

Mtunza vifaa, aliyetia dawa ya waridi