Brynjulf Tveitane na Kikombe cha Hamira Alichonyimwa

"Nifungeni macho, mnionjeshe bia yoyote ya bonde hili, nami nitawaambia mreteni wake ulikatwa upande gani wa mlima." Maneno hayo marehemu Brynjulf Tveitane aliyasema akiwa amesimama juu ya benchi katika ukumbi wa kijiji, hapa Eldalen, mkesha wa Mtakatifu Yohana wa mwaka 1983, mbele ya bonde zima na mchungaji wake. Wenzake hawakumwacha ashuke. Walimfunga macho kwa skafu ya mkewe, wakamletea vikombe kutoka nyumba nane. Saba alivitambua bila kusita. Cha nane alikitema, akasema aliyepika hiki amekata mreteni wa kivulini, matunda bado mabichi, na mtu wa namna hiyo apewe mbuzi achunge. Kilikuwa cha kwake. Alivua skafu, akakaa, akakinywa chote mpaka tone la mwisho, na kuanzia mwaka ule hakukata tena tawi la kichaka hicho cha kukolezea bia lisilo na matunda yaliyoiva yakawa ya buluu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika shamba la Tveitane ya Juu, mtoto wa tatu wa Torgils na Ragna Tveitane, ambao wote wametangulia. Ilikuwa miaka ya vita, na nafaka ilihesabiwa na wageni wenye bunduki. Baba yake alikificha kimea cha Krismasi chini ya godoro la mtoto. Askari walipokuja kupekua, mtoto alipiga mayowe kiasi kwamba wakatoka wameziba masikio. Ndiyo kusema marehemu aliilinda bia ya nyumba hii kabla hajaota jino.

Elimu ya msingi aliipata katika shule ya Eldalen, kuanzia mwaka 1948, siku moja darasani na siku moja shambani, kama watoto wote wa wakati ule. Majira ya baridi ya 1958 hadi 1959 alisoma kilimo mjini Voss. Cheti alikipata, akakitundika zizini, akisema ng'ombe ndio waliostahili kujua anayewakamua ana sifa gani. Yaliyobaki alifundishwa na mama yake jikoni: kuchemsha matawi ya mreteni pamoja na matunda yake hadi maji yawe na rangi ya chai hafifu, kuyamimina juu ya kimea cha shayiri, kuchuja togwa lile tamu kwenye pipa lililotandikwa matawi yaleyale, kisha kungoja lipoe. Hakukuwa na kipimajoto. Mama alizamisha kidole. Kidole kikistahimili bila mwenyewe kukunja uso, hamira iingie. Na hamira ikiingia, mpishi apige ukelele kwa nguvu zake zote, maana bia ya mtu aliyenyamaza humlaza mnywaji badala ya kumchezesha.

Kazi alianza rasmi mwaka 1963, alipokabidhiwa shamba. Alifuga ng'ombe kumi na wawili na nguruwe wachache, na kwa miaka thelathini na moja aliendesha gari la kusukuma theluji la wilaya. Wapo waliomo kanisani humu waliofika hospitali kujifungua kwa sababu yeye alitangulia mbele yao na lile jembe la chuma. Hakupenda kusifiwa kwa hilo. Alipenda kusifiwa kwa bia.

Tarehe 22 Juni 1968 alifunga ndoa na Sigfrid, binti wa bonde la pili. Siku ya posa baba mkwe alimkaribisha bia, naye marehemu, badala ya kushukuru, akauliza kama mreteni umeadimika upande huu. Sigfrid ndiye aliyemwokoa. "Brynjulf," alimwambia, "umekuja kunioa mimi au pipa la baba?" Akajibu kwamba pipa angeliacha. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gunnvor na Steinar.

Sasa inafaa kusema habari ya hamira. Familia ilijadiliana kama jambo hili lisemwe leo. Mama Sigfrid, mjane wake, alisema lisemwe, na lisemwe kwa sauti ya kawaida.

Hamira ya Tveitane haikutoka dukani. Ilikuwa hai, ikichotwa kutoka bia moja na kutiwa katika nyingine, tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Kila nyumba ya bonde hili ilikuwa na yake. Ikichachuka au ikifa, ulichukua kopo ukaenda kwa jirani, ukapewa kikombe, hukulipa na hukusema asante. Uliporudi ulirudi na bia ya kuonja, basi. Kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuweka hamira ya akiba. Akiba yako ilikuwa jirani.

Vuli ya 1974 hamira ya Oddmund Grøvle, jirani wa ng'ambo ya mto, ilioza wiki moja kabla ya harusi yake. Alikuja Tveitane amevaa suruali ya harusi tayari, na uso wa mtu aliyeangusha pete kisimani. Marehemu alimjazia kopo hadi juu. Oddmund alitaka kusema neno, akakatazwa. Tangu siku hiyo hamira ya Grøvle ni hamira ya Tveitane, na wanaume hao wawili walionjeshana kila bia kwa miaka arobaini na minane. Steinar alibatizwa Oddmund akiwa baba yake wa ubatizo.

Mwaka 2017 walikuja vijana wa kampuni moja ya mjini, na masanduku ya barafu, wakitafuta hamira za kale. Marehemu alikuwa juu milimani na ng'ombe, hawakumkuta. Kwa Oddmund walikunywa kahawa, wakaondoka na kikombe cha hamira. Baadaye zikatoka pakiti za hamira madukani, zina jina la Grøvle na picha ya Oddmund. Marehemu aliitazama picha, akasema rafiki yake amesimama kama mtu anayeuliza choo kiko wapi. Hakuweka kinyongo. Hamira ni kitu cha kugawa, alisema, hata kwa watu wa mjini, Mungu awasaidie.

Mwezi wa Februari mwaka huu, 2022, marehemu aligundulika kuwa na saratani ya utumbo. Alitibiwa Bergen, na familia inawashukuru wauguzi waliomvumilia, kwa maana aliwaambia kila siku kwamba chai yao ina ladha ya kimea kilichokufa. Mwezi wa Agosti daktari alimweleza kwamba dawa hazifui dafu. Aliuliza jambo moja tu: kama atafika mwezi wa kumi. Daktari akasema labda. Akarudi nyumbani kupika bia ya matanga yake mwenyewe, kama baba yake alivyofanya, na babu yake. Bia ya matanga iliyopikwa na mwenye matanga: hilo ndilo alilolitaka, na hakutaka lingine.

Alikaa kitini Gunnvor akikata mreteni, akamrudisha mlimani mara mbili kwa sababu ya matunda mabichi. Togwa lilitoka zuri, zito, lenye harufu ya msitu baada ya mvua. Alisimama mwenyewe, akazamisha kidole, akatikisa kichwa kuridhika, akamimina kopo lote la hamira. Ukelele wake ulikuwa mdogo, lakini kuku waliusikia.

Asubuhi pipa lilikuwa kimya. Halikuwa na povu wala mchemko. Sigfrid alizamisha mkono wake kwenye togwa lililobaki katika sufuria kubwa iliyofunikwa kwa mablanketi, lililokuwa bado moto, akautoa mbio. Zile dawa za saratani zilikuwa zimemtia marehemu ganzi vidoleni tangu Aprili, naye alikuwa hajamwambia mtu. Kidole kilichopima kila bia ya nyumba hii kilikuwa hakisikii chochote, na hamira yote ilikuwa imeungua.

Hakulia. Aliomba kopo safi na koti. "Ndiyo maana mtu ana jirani," alisema. Nyumba nyingine za bonde zilikwisha acha kupika zamani, sasa zinakunywa mvinyo wa boksi. Ilibaki Grøvle tu. Gunnvor alimpeleka kwa gari, akakaa naye jikoni kwa Oddmund, na haya ndiyo aliyoyasikia.

Marehemu aliweka kopo mezani, akaeleza yaliyotokea, akicheka kidogo. Oddmund hakucheka. Alimimina kahawa, akaizungushazungusha.

"Brynjulf, ningekupa hata damu."

"Damu ninayo. Nataka kikombe."

"Nilitia saini kwa wale watu. Haitoki hapa kwenda kwa mtu yeyote. Ni yao sasa."

"Hamira yangu?"

"Imekaa kwangu karibu miaka hamsini, ndugu yangu."

"Kwa hiyo kuku wangu akilala kwako miaka hamsini, wewe unakuwa jogoo?"

Oddmund alisema wangemshtaki. Marehemu akamwuliza nani atawaambia, maana yeye mwenyewe hatafika theluji. Oddmund akaongeza kahawa vikombeni. Kisha akasema, kwa sauti ya kubembeleza, maneno ambayo Gunnvor anasema hatayasahau.

"Dukani zipo pakiti. Naweza kukununulia moja."

Marehemu alimaliza kahawa yake, kwa sababu katika bonde hili kahawa ya mtu haiachwi kikombeni. Alivaa kofia. Kopo aliliacha palepale mezani, tupu, akasema Oddmund akae nalo. Njiani alimwuliza binti yake kama joto la gari limefunguliwa, kwa kuwa alihisi baridi. Lilikuwa limefunguliwa hadi mwisho.

Togwa walipewa nguruwe. Siku zilizofuata marehemu hakuongea habari za bia, na waliomfahamu wanajua kimya hicho kina uzito gani. Watu walisema saratani ndiyo iliyomnyamazisha. Mama Sigfrid, aliyelala naye kitanda kimoja miaka hamsini na minne, anasema saratani alikuwa amekwisha kuizoea. Siku moja tu alimwita Gunnvor, akamwambia: "Pika wewe. Hamira nunua. Ni yetu hata wakiifunga kwenye plastiki. Ila usinunuliwe na mtu."

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake, Tveitane ya Juu, Jumapili tarehe 9 Oktoba 2022, asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Theluji ya kwanza ilianguka kesho yake.

Ameacha mjane, Sigfrid, watoto, Gunnvor na Steinar, mkwe, Jorunn, wajukuu, Ingvild na Vetle, ambaye yuko chuoni na diploma yake bado iko njiani, dada yake, Herborg, na ng'ombe wanne ambao hawajaambiwa.

Brynjulf, ulifungua barabara za wengine, nasi tunakuombea yako iwe nyeupe na tulivu. Pumzika, mzee wetu, kwa amani uliyonyimwa mwisho.

Baada ya maziko wote mnakaribishwa ukumbini. Mlango wa matanga haufungwi kwa mtu yeyote, na Oddmund Grøvle, aliyeketi safu ya nne, anakaribishwa pia. Bia imepikwa na Gunnvor, kwa mreteni wa upande wa jua na maji ya kisima cha Tveitane. Hamira imenunuliwa Voss. Pakiti moja, gramu tano, ni krona themanini na tisa.