Mdhamini wa Kwanza

Sogeeni, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo redio, maana sauti niliyobakiwa nayo ni hii tu na sitarudia neno. Nyumba na vyumba viwili vya uani nawaachia nyinyi wavulana, mgawane bila kelele. Wewe kitinda mimba wangu, wewe binti, nakuachia ukweli.

CV nilikufundisha mimi, pale kwenye meza ya jikoni, kalamu nyekundu mkononi. Anza na kazi ya karibuni, toa dini, toa uzito, toa hayo maneno ya "mchapakazi, mwaminifu" ambayo hata mwizi anayaandika, sema ulifanya nini na kikatokea nini, na kila kazi iandikie CV yake, usiwatupie watu wote karatasi moja kama tangazo la mganga. Ukasikia. Kaka zako wakaandika upuuzi, huyu hapa alijitia muogeleaji na maji ya beseni anayaogopa, wakaajiriwa. Wewe, kurasa mbili safi kuliko zote nilizosoma katika ualimu wangu wote, kwa miaka sita uliitwa kwenye usaili mara tisa, ukarudi unacheka, kisha hakuna aliyekupigia tena. Ukadhani ni viatu. Ukanunua vingine.

Chini kabisa uliniandika mimi: mdhamini wa kwanza, mwalimu mkuu mstaafu. Wakinipigia kuuliza habari zako nasema, "Ana akili sana, ila hamalizi anachoanza." Basi, sikukutukana. Mama yenu ameshakwenda, miguu yangu imekufa, na hawa wawili hata chai inawashinda. Ungeondoka, nani angeniosha? Usinitazame hivyo. Kaka zako walijua. Waulize mbona wanahesabu vigae vya sakafu.

Leo asubuhi, ukiwa uani unaanika mashuka yangu, walipiga wale wa maabara ya maji waliokusaili juzi, mama mmoja wa sauti ya upole: "Mwalimu, binti tumeshampenda, tunathibitisha tu." Nami najua nakufa, najua sina haja nawe hata ya mwezi mmoja, ningeweza kukuachia uende. Nikafungua mdomo, yakatoka yaleyale. Maana nikikusifu leo, hiyo miaka sita nilikuwa nani? Akashukuru, akakata.

Haya, pumzi inakatika. Nizikeni na koti la kijivu. Msimlipe mtu wa kunililia. Na wewe, ukiandika CV nyingine, pale chini weka mtu asiyekuhitaji... hilo sikukufundisha, hilo ndilo kubwa kuliko yote.

Mungu awape wavulana wangu watoto wenye utii. Na wewe akupe... akupe kazi, binti yangu, akupe na... umri wa kuifanya.

Sasa nigeuze, binti. Polepole, mgongo huo. Hapana, si upande uliko wewe... ukutani. Nielekeze ukutani.