Hyasinti Kapinga na Visu vya Makali Matatu

Hyasinti Kapinga, tunayemzika leo hapa Maguu, alizaliwa kijijini hapa tarehe 11 Septemba 1945. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Tobias Kapinga na Mama Hedwiga, wakulima wa kahawa.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha akaenda Peramiho kujifunza ufundi wa vyuma. Huko alishika tabia aliyokufa nayo: kutofunga kitu chochote juu ya uchafu.

Mwaka 1968 aliajiriwa na karakana ya ushirika, Mbinga mjini, kwenye mashine ya kukereza vyuma. Alichonga shafti za mashine za kumenyea kahawa. Mashine yake ilitumia visu vidogo vya pembe tatu, vigumu kuliko chuma chenyewe, vyenye tundu la skrubu katikati. Kila pembe ina makali yake. Yakichoka, fundi hulegeza skrubu, hufuta mahali kisu kinapokaa, hukigeuzia pembe ya pili, na baadaye ya tatu. Chembe moja ya chuma ikibaki chini yake, kisu hupasuka. Hyasinti hakumvumilia fundi aliyefanya vinginevyo. Wapo waliosema ni mkali kupita kiasi, na hawakukosea.

Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Edina wa Lipingo, kule chini ziwani. Siku ya kwanza ukweni alitoa kitambaa, akafuta kiti kabla ya kuketi. Mama mkwe akanuna. Hamphrey, kaka yake Edina, ambaye ni mvuvi, akamtetea: "Mama, mwache shemeji. Anadhani yuko kwenye mashine." Ni Hamphrey huyo aliyeomba visu vilivyokwisha makali yote matatu. Kwa kuwa ni vizito na vina tundu, alivitungia kwenye mshipi wake wa kuvulia viwe chubwi za kuuzamisha. Hyasinti alimpelekea kwa miaka mingi, na meneja wa ushirika alijua na kuruhusu.

Biashara ya kahawa ilipoachiwa watu binafsi, ushirika ulidhoofika, na mwaka 1996 karakana ikauzwa. Mmiliki mpya alimleta ndugu yake, Bernadi, awe fundi wa pili. Bernadi alikuwa akitumia pembe moja mpaka ivunjike, kisha anakitupa kisu pamoja na pembe mbili nzima. Hyasinti alimwelekeza, akamkaripia, akachoka. Visu vikawa vinaisha ovyo, na mmiliki akataka kujua vinakwenda wapi.

Agosti 1997 mmiliki huyo alishuka Lipingo kununua samaki, akauona mshipi wa Hamphrey umeanikwa na chubwi zake. Kesho yake alimwita Hyasinti mwizi mbele ya mafundi wote.

Hyasinti alimjibu, "Bosi, shika kimoja cha kwenye ule mshipi. Pitisha kidole pembe zote tatu."

"Nishike cha nini? Nimeviona kwa macho yangu."

Akafukuzwa siku hiyohiyo, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi.

Familia inasema wazi: kilihitajika kidole kimoja tu, kujua kwamba makali yote yalikuwa yamekwisha. Mmiliki hakukinyoosha. Viongozi aliowaendea kudai haki yake hawakukinyoosha. Hata waliomwita "Mzee Chubwi" mlangoni mwa kanisa, ambao baadhi yao wameketi hapa, hawakukinyoosha. Alipoondoka, visu viliendelea kuisha, tena upesi zaidi. Hakuna aliyepanda Maguu kumwambia samahani.

Mwaka 2000 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Wa kushoto uliendelea kufuta kiti. Alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 14 Julai 2002, Edina akiwa amemshika.

Jana mmiliki wa karakana alileta shada lenye maneno "Mfanyakazi Mwaminifu". Familia imelipokea. Hamphrey naye amepanda kutoka Lipingo na mshipi wake, nao umewekwa mezani kando ya jeneza. Kabla ya kutia udongo, kila mmoja apite hapo, ashike kisu kimoja, apapase pembe zote tatu. Mwenye shada aanze.

Marehemu ameacha mjane, Edina, watoto watatu, Wendelin, Notburga na Devotha, wajukuu watano, dada yake, Kunigunda, na shemeji yake, Hamphrey.

Pumzika kwa amani, Hyasinti, na jina lako lipumzike nawe.