Nepi za Pacha kwa Bei ya Dobi

Kwenye basi, Mama Pacha, mtoto mmoja kwenye kila paja, alipigwa na butwaa. Msoma mita aliyeketi kando yake alikuwa ndiyo kwanza amemweleza kwa nini maji ya nyumbani kwake yanatozwa bei ya biashara. "Dada, kila nikipita nakuta kamba zimejaa nguo. Nikakuandika dobi."

"Makubwa haya! Kaka, zile ni nepi za hawa wawili!"

"Zote?"

"Wewe una watoto?"

"Bado."

"Ndiyo maana." Kiti cha nyuma kizima kikacheka. "Haya, nirudishe bei ya nyumbani kabla hamjanikatia maji."

"Kupandisha napandisha mimi, dada. Kushusha ni mkubwa wangu, na yeye lazima aje akute kamba tupu."

Basi likasimama, msoma mita akashuka, na Mama Pacha akahisi paja la kushoto likilowa taratibu.