Pikapu Isiyobeba Mzigo

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi magari ambaye wengi wenu mlimwita Ndimu. Mlimwita hivyo kwa ukali wake, naye hakukataa. Alifariki wiki iliyopita kwa shinikizo la damu. Mjane wake alitupokea vizuri, akatupa kiti, kisha akatuonya: "Msije hapa kumpamba. Mume wangu namjua mwenyewe." Basi hatutampamba.

Ndimu alikuwa mtoto wa msomba mbao. Baba yake alikuwa na pikapu moja, na chini ya pikapu hiyo ndiko Ndimu alikojifunza kushika spana kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alikuwa na mdogo wake, naye akawa mchomeleaji wa vyuma. Mzee alipokaribia kufa aliwaita wote wawili, akawaachia pikapu ile kwa pamoja. Gari moja, wana wawili, na wote vichwa vigumu. Mungu amrehemu mzee, lakini hapo aliwatafutia watu balaa.

Uwanja wao ulikuwa mmoja. Upande huu gereji ya Ndimu, upande wa pili mashine za mdogo wake, katikati ukuta wa mabati. Injini ya zamani ilipokata roho, Ndimu alisema inatoka yote, na giaboksi yake. Alikuwa amepata injini ya kisasa kwenye gari lililogongwa nyuma, yenye kompyuta yake, na nyaya zimetimka kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Mdogo wake alitaka ile ya zamani ifufuliwe.

"Unamtoa baba moyo, unamtia wa mtu mwingine," alimwambia.

"Baba yuko kaburini," Ndimu akajibu. "Hili ni gari. Na mkono wako hauligusi maadamu mimi ni mzima."

Tangu siku hiyo hawakusemeshana tena. Narudia, wasikilizaji: ndugu wa tumbo moja, wametenganishwa na bati, hawapeani hata salamu. Mdogo mtu akiwasha mashine ya kukatia chuma, Ndimu alikuwa anafungulia redio mpaka mwisho. Ni redio hii hii mnayoisikiliza, kwa hiyo na sisi tulitumika katika ugomvi ule bila kujua.

Kazi aliifanya, tusimnyime haki yake. Alikata sakafu ili giaboksi mpya ipate pa kukaa. Akakwangua kutu, akaziba matundu, akapaka rangi ya kijani kama ya mwanzo. Ikabaki propela, lile bomba la chuma linalotoka kwenye giaboksi kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma. Ilikuwa ndefu kwa giaboksi ile. Ilitakiwa ikatwe, iungwe tena, na ikae sawasawa. Ikipinda kidogo tu, gari zima linatetemeka.

Akaipeleka kwa mchomeleaji wa mtaa wa pili. Gari likatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikaanguka barabarani. Akajaribu kwa mwingine, mambo yakawa mabaya zaidi. Mtu wa kuinyoosha propela ile alikuwa mmoja tu, naye alikuwa nyuma ya mabati.

Ndimu akamtuma mkewe. Mama huyu anauza viazi sokoni, na hiyo pikapu ilikuwa tegemeo lake la kusombea magunia. Ndimu akatafuta propela nyingine, maana ile ilishaharibiwa, akaandika vipimo juu yake kwa chaki, na mama akafundishwa aseme ni ya mteja. Shemeji yake aliitazama mara moja tu.

"Mteja," alisema. "Sawa."

Aliichomelea, akaipima, akaichomelea tena. Alipomkabidhi alimwambia hivi: "Kamwambie huyo mteja wako amepima gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Kipimo kile ni kirefu. Siku akipakia mzigo springi zitalala, propela itasukuma giaboksi mpaka ipasuke. Kama anataka kujua zaidi, aje aniulize."

Hilo ni kosa la mwanafunzi, wasikilizaji, na Ndimu alikuwa fundi wa mafundi. Mkewe anasema uso ulimbadilika, akajua ni kweli. Alipima kwa haraka, kwa hasira, akitaka kumaliza amkomoe mwenzake. Lakini kwenda kuuliza? Ng'o. Aliifunga propela kama ilivyokuja. Gari likateleza barabarani bila kutetemeka hata kidogo, watu wakatoka madukani kulitazama.

Na halikubeba mzigo. Miaka minne, wasikilizaji, pikapu nzuri kuliko zote mtaani haikubeba hata gunia moja. Jirani akiomba kubebewa kitanda anatukanwa. Mwenye saruji anatukanwa zaidi. Watu wakadhani ni uchoyo. Mkewe peke yake ndiye aliyejua kwamba ni woga, na mkewe ndiye aliyeendelea kukodi mkokoteni, na mvua ikinyesha anabeba kichwani, huku pikapu imeoshwa imeegeshwa mlangoni.

"Pima upya," alimsihi mumewe.

"Sipimi."

Akaenda upande wa pili. "Shemeji, nisaidie. Shingo yangu imeisha."

"Mwambie aje mwenyewe."

Mtu mzima anasihi huku na huku, na wanaume wawili wamevimba kama vyura. Nasema ninavyoona, na mwenye kukasirika akasirike.

Ndimu aliugua siku chache tu. Hospitalini mkewe alimuuliza kama amwite mdogo wake. Aligeukia ukutani.

Siku ya msiba, viti na maturubai vilikuwa vinatakiwa kuletwa. Mtu akasema si pikapu ipo. Mjane akakataa: propela ni ndefu, itapasua giaboksi. Hapo mdogo wa marehemu, aliyekuwa amekaa pembeni ameinama, akasema, "Si ndefu."

Watu wakamgeukia.

"Niliikata zaidi siku ile ile. Ilikuwa sawa tangu mwanzo."

"Na ukakaa kimya?" mjane akamuuliza.

"Nilikuwa nangoja aje aniulize."

Mjane alichukua beseni la maji ya kunawia, akammwagia yote kichwani, mbele ya waombolezaji. Hakuna aliyemzuia, na mwenyewe hakujifuta.

Baada ya maziko mama huyu aliita wapakizi sokoni. Wakapanga viazi, gunia juu ya gunia, mpaka springi zikalala kabisa. Akampa shemeji yake ufunguo. "Endesha," akamwambia, "na usinisemeshe." Wakapanda mlima wa kwenda sokoni, mzigo umejaa, na gari halikutoa hata mlio.

"Makaburini sikulia," anatuambia. "Nililia mle ndani ya gari. Kwa hasira. Niliwachukia wote wawili."

Tulimfuata mchomeleaji kwenye mashine zake. Kwanza alijitetea: futi ya kupimia kaka yake alikuwa nayo, angelala chini ya gari dakika chache tu, angeona si ndefu. Kisha akazima mashine. "Angekuja hata kunitukana," alisema, "ningemjibu."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane, pole ya shingo pamoja na ya moyo. Tunawapa pole jamaa na mafundi wote waliopitia mikononi mwa Ndimu. Mjane alituomba tusimpe pole shemeji yake. Tunampa, lakini kidogo.

Na wewe uliyekaa hapo unasikiliza. Kuna jambo unalijua, na mwenzako anateseka kwa kutolijua. Umenuna, unangoja aje akuulize. Asipokuja, je?