Boliti Moja Iliyobaki

Baba padri, ndugu, jamaa na majirani wa Bourj Hammoud mliofika kutusindikiza, haya ni maisha ya mpendwa wetu Karnig Demirjian, yameandikwa jana na mdogo wake Nubar, na anayeyasoma ni Talin, binti wa marehemu, kwa kuwa mwandishi mwenyewe amesema sauti haitamtoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1960, mtaa huu huu, mtoto wa kwanza wa fundi magari Mihran na mkewe Araksi, na Nubar akamfuata miaka mitatu baadaye. Alisoma shule ya kanisa hadi mwaka 1975, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza nchini akaingia gereji ya baba yake, akawa fundi ambaye kwa kusikiliza tu alijua ni valvu ipi inayogonga. Alikuwa na utani pia, mteja akilalamika kuwa gari halipandi mlima, yeye humjibu, "Gari ni zima, mzee wangu, tatizo ni hilo tumbo."

Mwaka 1987 mjomba wao Zaven, mwenye karakana ya injini za meli huko ng'ambo, Marseille, aliandika kwamba ana nafasi ya fundi mmoja, na hakuna aliyebisha kuwa nafasi hiyo ni ya Karnig, karatasi zikakamilika, safari ikapangwa mwezi wa tisa.

Jumamosi tarehe 6 Juni mwaka huo, saa nane mchana, ndugu hawa wawili walikuwa wakitoa injini ya Peugeot ya muuza mboga. Boneti lilikuwa limeshavuliwa, maji yamemwagwa, rejeta na nyaya zimetolewa, winchi ya mnyororo imefungwa kwenye boriti ya paa, na kazi ya Nubar, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, ilikuwa kulala chini ya gari na kufungua boliti zinazounganisha injini na gia boksi. Ya juu kabisa ilikuwa imeliwa na kutu, spana haikuishika, na nje rafiki zake walikuwa wanapiga honi, wanataka kwenda naye baharini. Karnig akauliza, "Nubar, zote umetoa?" Nubar akatoka chini, akajifuta mikono, akasema, "Zote, kaka. Vuta tu."

Karnig akavuta, injini ikapanda kidogo, ikagoma, pua ya gari ikainuka nayo, kisha boliti ile ikakatika kwa kishindo na injini ikabembea kuelekea upande aliokuwa Nubar, ameinama juu ya bodi, na Karnig akaingiza mkono wake wa kulia katikati. Kifua cha Nubar kilipona. Karnig alipoteza vidole vitatu.

Mzee Mihran alipofika hospitali akauliza kilichotokea, Nubar akawahi kusema, "Mnyororo uliteleza, baba," na Karnig kitandani akamtazama mdogo wake kitambo, akageukia ukutani, akasema, "Ndiyo baba, ni mnyororo." Kesho yake mzee aliuburuta mnyororo ule, uliokuwa mzima kabisa, akautupa kwa wauza vyuma chakavu huku akiulaani.

Mwezi wa kumi, aliyepanda meli kwenda Marseille alikuwa Nubar.

Marehemu alijifundisha kushika spana kwa mkono wa kushoto, akaanza upya na kazi za mwanafunzi, na ilimchukua miaka minne kurudi kwenye injini. Tarehe 7 Oktoba 1990 alifunga ndoa na Sirvart, wakajaliwa watoto wawili, Talin na Shant, na hakuna anayekumbuka kumsikia akiinung'unikia bahati yake. Kila Krismasi Nubar alipiga simu, na kila mara Karnig, kabla ya kuagana, aliuliza, "Kuna jingine, Nubar?" na Nubar alijibu kuwa hakuna.

Novemba 2018 marehemu alianza kuugua mapafu. Nubar aliahidi kuja baada ya Pasaka, akijiambia kwamba safari hii atasema, lakini Karnig alifariki Ijumaa tarehe 22 Machi 2019, saa nne asubuhi, na mdogo wake akafika kesho yake.

Jikoni, mbele ya kahawa aliyoshindwa kuinywa, Nubar alimweleza shemeji yake habari ya boliti. Sirvart hakupandisha sauti, alisema, "Mbona unaniambia mimi? Yeye alijua tangu siku ile, kipande kilichokatika alikiona. Alikuwa anakungoja tu useme." Kisha akamletea karatasi na kalamu. Talin alipomaliza kusoma yaliyoandikwa aliomba kitu kimoja, kwamba pasifutwe neno.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wote wa mtaa waliofunga gereji leo. Nubar haombi kusamehewa, maana mwenye kusamehe ameshaondoka; amesimama hapa kando ya jeneza, ili kila aliyewahi kumpa Karnig pole kwa ajili ya mnyororo amwone wa kulaumiwa.

Karnig, kaka yetu, mume na baba, huna tena wa kumngoja. Pumzika, na amani iwe yako.